Paka anayeuma: umchape, umchezeshe, umhasi, umletee mwenzake au umpeleke kwa daktari?

Paka wa miezi mitano anayerukia vifundo vya miguu usiku, na paka wa miaka tisa aliyemng'ata mwenye nyumba jana kwa mara ya kwanza, wote huitwa "paka mkali". Mara nyingi wote hupewa dawa moja: kofi, kandambili au maji ya chupa. Wa kwanza anacheza. Wa pili huenda ana maumivu. Ukiwashika kwa njia moja, mmoja wao utamharibu.

Njia ambazo watu huzitumia kweli majumbani si nyingi, na nimezipanga mbilimbili ili uone ipi inamfaa paka wako. Ila kwanza tumalizane na kidonda.

Ameshakung'ata: sabuni au hospitali?

Vyote viwili. Meno ya paka ni membamba kama sindano, kwa hiyo tundu la juu huonekana dogo na huziba haraka huku bakteria wamebaki ndani, karibu na mishipa na viungo vya vidole. Mkono unaweza kuvimba, kuwa mwekundu na kuuma vibaya ndani ya saa 24. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na usipake majivu, mafuta wala pilipili. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hasa kama jino limeingia kwenye mkono, kwenye kiungo au usoni, au kama aliyeumwa ni mtoto, mzee au mgonjwa wa kisukari.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Jina linawapoteza watu, kwa sababu paka naye huupata ugonjwa huu, kwa kawaida baada ya kung'atwa na mbwa mwenye nao, na huuambukiza kwa kung'ata. Dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona, ndiyo maana sindano za kinga hutolewa mapema na kwa awamu, na hazikatishwi katikati kwa sababu tu kidonda kimepona. Ikiwezekana paka asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Kama hajachanjwa, chanjo yake ianzie umri wa miezi mitatu hivi na irudiwe kadiri daktari wa mifugo atakavyopanga. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, wilaya nyingi huchanja mbwa bure. Uliza kama na paka wanapokelewa.

Kumchapa au kumbadilishia mchezo?

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa paka wengi wachanga wanaouma majumbani wanahusika na sehemu hii.

Mtoto wa paka huzaliwa na kazi ya kuwinda mwilini. Huvizia, hurukia, hukamata kwa makucha ya mbele, hung'ata, kisha hupiga mateke kwa miguu ya nyuma. Kipimo cha nguvu ya jino hujifunza kwa mama na ndugu zake. Akimng'ata ndugu kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo huvunjika, au mama humtandika. Na wiki za pili hadi ya saba za maisha yake ndizo anapozoea kwa urahisi watu, sauti na harufu za nyumbani. Kwetu watoto wa paka wengi huokotwa chini ya meza za soko au nyuma ya jiko macho ndiyo kwanza yamefunguka, ama hugawiwa mara tu wanapoanza kulamba uji. Shule hiyo wameikosa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki uliochapishwa 2017, uliohusu paka zaidi ya 5,700 wa Ufini, ulionyesha kwamba waliotenganishwa na mama kabla ya wiki nane walikuwa na tabia ya ukali zaidi, na waliokaa na mama hadi wiki 14 walikuwa na matatizo machache. Kwa hiyo kama paka bado hajafika kwako na una nafasi ya kusubiri, subiri.

Kama ameshafika, tazama mikono ya watu wa nyumba yako. Mtoto wa paka wa wiki sita akining'inia kwenye vidole vya mjomba, kila mtu hucheka. Baada ya miezi minne meno yamebadilika, uzito umeongezeka mara kadhaa, na mchezo ni uleule aliofundishwa. Saa tatu usiku mama anapita sebuleni kwenda kufunga mlango, upindo wa kanga unacheza juu ya visigino. Paka yuko chini ya kochi, kidevu sakafuni, macho yamekuwa meusi tii, makalio yanatikisika kushoto na kulia. Hatua ya tatu anaruka. Ukimtazama dakika hiyo utaona hakuna hasira yoyote. Hakufoka, hakusimamisha manyoya, masikio yako mbele. Ameona windo.

Kofi linafanya nini hapo? Kwa paka jasiri, kofi ni mkono mwingine unaocheza naye, na atajibu kwa nguvu zaidi. Kwa paka mwoga, kofi humfundisha kwamba wewe ni hatari, na kuanzia siku hiyo atang'ata kwa kujihami, ambalo ni jino baya kuliko la mchezo. Maji ya chupa yana afueni kidogo kwa kuwa hayaumizi, lakini paka hujifunza jambo moja tu: chupa ikiwepo asiruke. Chupa ikiwa jikoni, miguu ni yake. Kumnyanyua kwa ngozi ya shingo "kama mama yake anavyofanya" ni hoja ninayoisikia sana. Mama hufanya hivyo kwa kumhamisha mtoto mchanga. Paka wa kilo nne akinyanyuliwa hivyo huumia na huogopa.

Upande wa pili gharama ni ndogo ajabu: kijiti, kamba, na kipande cha kitambaa au manyoya ya kuku mwishoni. Mchezeshe mara mbili kwa siku, dakika 5 hadi 10 kila mara, na ya mwisho iwe jioni kabla ya chakula. Buruta kitambaa sakafuni kama panya anayekimbilia kujificha, ukikipeleka mbali na paka. Hakuna windo linalomkimbilia mwindaji usoni. Mwache akamate mara kwa mara, akose mara nyingine. Malizia kwa dagaa wachache au chakula chake cha jioni. Paka hufuata mpangilio uleule siku zote: kuwinda, kula, kujiramba, kulala. Ukimfikisha kwenye kujiramba, miguu yako imeshapona. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walipima suala jirani na hili, la paka wanaoleta mawindo nyumbani, na wakakuta kwamba dakika 5 hadi 10 za mchezo wa kuwinda kila siku zilipunguza wanyama walioletwa kwa asilimia 25. Si suala la kung'ata watu, lakini linaonyesha kiu hiyo hutulizwa kwa mchezo.

Akikukamata mkono, usiuvute. Kitu kinachokimbia ndicho kinachong'atwa. Tulia, usukume kidogo kuelekea kwake, atalegea kwa kushangaa. Kisha simama, ondoka, funga mlango kwa nusu dakika. Bila kelele. Adhabu anayoielewa ni mchezo kuisha. Na hili halitafanya kazi hata kidogo kama wewe unaondoka huku kijana wa nyumbani akiendelea kumpiga mieleka kwa mkono kila akirudi shule. Kubalianeni nyumba nzima.

Tahadhari mbili. Kamba na uzi vifichwe mchezo ukiisha, kwa sababu paka huvimeza na uzi unaweza kuukata utumbo kwa ndani. Na taa ile ya nukta nyekundu humkimbiza kweli, ila hakamati kitu, hivyo mwishoni mtupie kitu cha kushika.

Kati ya njia hizi mbili sioni pa kusitasita. Kumchapa ni haraka na hakuponyi. Mchezo unataka uvumilivu wa wiki kadhaa, na mwanzoni inaweza kuonekana kama hakuna kinachobadilika.

Kuhasi au kusubiri akue?

Shume asiyehasiwa anayerudi alfajiri na sikio lililochanika, anayenyunyizia mkojo kwenye pazia na kumvamia paka mwenzake uani, huyo kuhasiwa kutamsaidia sana. Ugomvi wa madume, kuzurura na kunyunyiza mkojo hupungua kwa wengi wao, ingawa si usiku mmoja, kwani homoni huchukua wiki kadhaa kushuka. Kuna faida nyingine isiyosemwa: virusi vya upungufu wa kinga vya paka, ambavyo havimwambukizi binadamu, husambazwa hasa kwa majeraha ya kung'atana.

Lakini kuhasi hakutibu jino la mchezo wala jino la woga. Nimeona watu wakilipia upasuaji kisha wakalalamika kwamba wametapeliwa, maana paka bado anarukia miguu. Walitibu kitu kingine.

Jike naye ana yake. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Akiwa kwenye joto hulia usiku kucha na kujiviringisha, na wengine hudhani amepata wazimu. Akizaa, hata paka mpole kabisa anaweza kumparura mtu anayesogelea watoto. Hiyo ya mwisho ni ya muda. Mpe chumba kimya na umwache.

Kwa dume na jike, miezi minne hadi sita ni umri mzuri kwa upasuaji. Nairobi kuna KSPCA, shirika la kulinda wanyama, Lamu kuna Lamu Animal Welfare Clinic. Kwingineko muulize daktari wa mifugo wa wilaya nani anafanya paka, kwa sababu wengi kazi yao ya kila siku ni ng'ombe na kuku. Wapo wanaosita kwa sababu za dini, na hilo ni la kumuuliza sheikh wako. Mimi nazungumzia tabia tu.

Ukiwa na fedha ya jambo moja na paka wako ni dume la miezi sita linalotoka nje, weka fedha kwenye kuhasi na chanjo. Mchezo hauhitaji fedha, kwa hiyo havigombani.

Kumletea mwenzake au abaki peke yake?

Ushauri wa "mletee rafiki" hutolewa kirahisi mno. Kwa mtoto wa paka wa chini ya mwaka mmoja anayefungiwa kwenye fleti mchana kutwa, mwenzake wa rika lake anaweza kuwa tiba nzuri. Watapigana mieleka, watafukuzana, na atakumbushwa kipimo cha jino na mtu anayelia kipaka.

Kwa paka wa miaka minne aliyezoea nyumba yake, mgeni ni mvamizi. Ulikuwa na paka mmoja anayeuma watu, sasa una wawili wanaoumana, na huenda ukaumwa wewe unapowaamua. Ukiamua hivyo, mgeni akae chumba chake kwanza. Wabadilishie vitambaa walivyolalia ili wajuane kwa harufu, walishe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, kisha waonane kidogokidogo kwa siku au wiki kadhaa. Mabeseni ya mchanga yawe idadi ya paka na moja zaidi, bakuli za chakula zikae mbalimbali.

Kipimo changu ni hiki: kama ungependa kuwa na paka wawili hata asingekuwa anauma, mlete. Kama unamleta kama dawa, usimlete.

Kumzoesha kwa nguvu au kumwacha aje mwenyewe?

Kuna jino linalowachanganya hata wenye paka wa siku nyingi. Paka amekuja mwenyewe, amelala pajani, anaunguruma kwa raha. Unampapasa. Ghafla, chapa! Mkono una matundu mawili.

Haikuwa ghafla. Rudisha nyuma sekunde kumi utazame mkia. Mkia ulikuwa umetulia, kisha ncha yake ikaanza kupigapiga, kwanza taratibu. Ngozi ya mgongo ikafanya mawimbi kama inafukuza nzi. Sikio moja likageuka kando, muungurumo ukakatika, kichwa kikaanza kufuata mkono wako. Alikwambia mara nne au tano. Papasa mashavu, chini ya kidevu na kati ya masikio, kwa sekunde chache, kisha ondoa mkono. Akiusukuma kwa kichwa, endelea. Asipousukuma, basi. Tumbo na shina la mkia viache, hata akilala chali. Kulala chali ni kukuamini, na si kila anayekuamini anataka kuguswa tumbo.

Mwoga anayejificha uvunguni vivyo hivyo. Kumburuta "azoee wageni" huzaa mikwaruzo, hasa siku za Idd au Krismasi nyumba ikijaa watoto. Mwekee boksi lenye matundu mawili au nafasi juu ya kabati, na waambie watoto kwamba akiwa huko hashikwi. Kaa chini karibu naye ukisoma simu yako, weka dagaa sakafuni, usimtazame machoni. Huenda polepole, lakini sijaona njia ya mkato.

Ukali wa kuhamishia, yaani hasira ya mwingine kukushukia wewe, ni mbaya zaidi kwa sababu hauna mantiki machoni pa mtu. Shume wa jirani amekaa nje ya wavu wa dirisha, paka wako anamwona na hawezi kumfikia, wewe unapita na unaliwa mguu. Usimbebe wala kumbembeleza. Funga pazia, mwache kwenye chumba chenye giza, maji na beseni la mchanga hadi atulie. Yaweza kuwa saa chache, yaweza kuwa siku nzima na zaidi. Kisha shughulikia dirisha: ziba sehemu ya chini, na mabaki ya samaki yanayomwita shume yaondolewe uani.

Mafunzo au daktari?

Swali ni moja: ameanza lini? Paka aliyekuwa mpole miaka yote kisha akabadilika ndani ya siku au wiki aende kwa daktari kabla ya kijiti, kabla ya mwenzake, kabla ya chochote. Jino lililooza, jipu chini ya manyoya baada ya ugomvi, sikio lenye uchafu, viungo vinavyouma kwa uzee, vyote humfanya ang'ate anapoguswa. Kwa paka wa miaka kumi na kuendelea, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta ukali pamoja na njaa isiyoisha huku akikonda. Dalili ndogo unaweza kuziona mwenyewe: haruki tena dirishani, anatafuna upande mmoja, manyoya ya mgongoni yamegandana kwa kuwa hajirambi.

Mpeleke kwenye kikapu chenye mfuniko kilichotandikwa kitambaa anacholalia. Gunia lililofungwa mdomo humfikisha akiwa na hofu kiasi kwamba hapimiki.

Na usimpe dawa zako. Panadol, yaani paracetamol, humuua paka. Hata kidonge kimoja kinaweza kutosha, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja kama la binadamu. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin nayo ni sumu kwake, basi ukinunua duka la dawa za mifugo sema wazi kwamba ni ya paka.

Dawa za kutuliza tabia zipo, kama fluoksetini na gabapentini, na kwa baadhi ya paka huokoa hali. Huandikwa na daktari aliyemwona, na hutembea pamoja na mabadiliko ya nyumbani. Vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyotoa harufu ya kutuliza paka vina bei na matokeo yake yanatofautiana sana. Mwenye fedha ya ziada ajaribu, asiye nayo hajakosa kikubwa.

Kung'oa kucha?

Wenzetu walioko Marekani huulizwa hili, kwa hiyo nitaje kwa kifupi. Kinachoitwa kung'oa kucha ni kukata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Uingereza na Israeli wamepiga marufuku, na New York ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kufanya hivyo, mwaka 2019. Paka asiye na kucha hubaki na meno, na mwenye maumivu ya vidole huyatumia zaidi. Kata ncha tu za kucha, na mpe gogo lililozungushiwa kamba ya mkonge alikwaruze. Watu Ulaya hununua hayo dukani kwa bei kubwa, sisi mkonge umejaa Tanga.

Kubaki naye au kumtoa?

Umefanya mchezo kwa wiki kadhaa, umemhasi, daktari hakuona ugonjwa, na bado mtoto mchanga au mzee mwenye kisukari yuko hatarini ndani ya nyumba. Hapo kumtafutia nyumba nyingine ni uamuzi wa haki, na sitamlaumu mtu.

Ila tofautisha kumtoa na kumtupa. Paka anayeshushwa kwenye gunia soko la samaki anaingia kwenye eneo la mashume waliolishika zamani. Hajui pa kujificha wala pa kula, na anayeuma kwa woga atauma zaidi, safari hii watoto wa watu wengine. Kama hakuchanjwa, umehamisha hatari tu. Paka asiyependa kubebwa anaweza kufanya kazi nzuri kwenye ghala la nafaka, duka la jumla au nyumba ya watu wazima yenye ua, mahali ambapo panya ni wengi na hakuna anayetaka kumpakata.

Unapomkabidhi, mwambie mpokeaji ukweli wote: anauma lini, anaguswa wapi, wapi hagusiki, anakula nini. Mpe kadi ya chanjo na kile kitambaa anacholalia. Mshauri amfungie ndani wiki mbili za kwanza, asije akatoka usiku wa kwanza kutafuta njia ya kurudi kwako.